Barua ya wazi kwa Waheshimiwa Wabunge: kuna sifa ya mgombea ambayo haimo katika Katiba

Waheshimiwa Wabunge wa Bunge la Jamhuri ya Muungano wa Tanzania,

Mbukwenyi. Nawasalimu kwa salamu ya Wagogo, wenyeji wa hapa Dodoma mnapokutania, kwa sababu ninaishi mwendo wa saa moja na nusu kwa basi kutoka ukumbini kwenu, na jambo ninaloliandikia nililiona hapahapa kijijini kabla sijalisoma mahali popote. Mimi ni mwalimu mstaafu wa shule ya msingi. Nalima alizeti, mtama na mistari michache ya zabibu, na kwa miaka mitano nilikuwa mjumbe wa halmashauri ya kijiji chetu katika Wilaya ya Chamwino. Hoja yangu ni moja. Sharti la kipato, ambalo wazee wetu walilifuta katika sheria za uchaguzi, limerudi kwa mlango wa uani, na safari hii halikuandikwa popote, ndiyo maana hakuna anayejisikia kuwa na wajibu wa kulifuta.

Sharti hilo lilikuwepo kweli. Katika uchaguzi wa kwanza wa wajumbe wa Baraza la Kutunga Sheria la Tanganyika, uliofanyika kwa awamu mbili, Septemba 1958 na Februari 1959, mtu hakuandikishwa kupiga kura mpaka awe na umri wa miaka 21 na, juu ya hapo, awe na kipato cha pauni 150 kwa mwaka, yaani shilingi 3,000 za wakati ule, au elimu ya darasa la nane, au wadhifa uliotambuliwa na serikali. Kisha kila mpiga kura alitakiwa kuchagua Mwafrika mmoja, Mwasia mmoja na Mzungu mmoja kwa mpigo, nao wazee wakauita uchaguzi wa kura tatu. Katika nchi ya watu wapatao milioni 9, walioandikishwa hawakufika 60,000. TANU, chama kilichopigania uhuru, walikutana Tabora Januari 1958, wakavutana kama washiriki au wasusie, na Mwalimu Nyerere akawashawishi washiriki. Wakashinda. Agosti 1960 masharti yakalegezwa na walioandikishwa wakavuka 800,000, na katika uchaguzi wa rais wa mwaka 1962 kila mtu mzima akawa na kura yake.

Baba yangu hakupiga kura ya 1958. Alikuwa na ng'ombe thelathini na kitu, na kwa Mgogo mwenye ng'ombe thelathini haitwi masikini, lakini karani wa kuandikisha hakuwa na safu ya ng'ombe katika karatasi yake. Alikuwa akilisimulia jambo hilo huku akicheka. Nilipokuwa mtu mzima ndipo nilipoelewa kwamba kicheko kile kilikuwa na uchungu ndani yake.

Watu husema demokrasia huja nchi ikitajirika. Tanganyika ya miaka ya 1950 haikuwa tajiri hata kidogo. Ilichokuwa nacho ni watu ambao riziki yao haikupitia mikononi mwa mkuu wa wilaya: wakulima wa kahawa wa Kilimanjaro na Bukoba, wakulima wa pamba wa Usukuma wenye vyama vyao vya ushirika, makuli wa bandarini, wafanyakazi wa reli, akina mama wa Dar es Salaam waliouza vyakula na pombe na kununua kadi za chama kwa senti zao wenyewe. Mkoloni aliweza kuwasumbua hao, na aliwasumbua, lakini hakuweza kuwanyima chakula cha jioni. Mtu ambaye unga wa kesho hautegemei saini ya mkubwa anaweza kumwambia mkubwa hapana. Naomba mlishike hilo, kwa kuwa ndilo ninalolirudia hadi mwisho wa barua hii.

Upande wa pili wako wenye mali. Hao, popote walipoipinga kura ya wote, walikuwa wakipiga hesabu: pengo likiwa kubwa na wengi wasio nacho wakapata kura, kodi na ardhi vitajadiliwa upya. Wajerumani walioifikisha reli Dodoma mwaka 1910 walitoka katika nchi ambayo dola yake kubwa kuliko zote, Prussia, iliwagawa wapiga kura kwa madaraja matatu ya kodi tangu 1849 hadi 1918. Kodi yote ilijumlishwa, ikakatwa mafungu matatu sawa. Matajiri wachache waliolipa fungu la kwanza walichagua theluthi ya wajumbe wa kwenda kuchagua wabunge, na zaidi ya asilimia 80 ya wapiga kura, waliosongamana katika daraja la mwisho, wakachagua theluthi ileile. Kura yenyewe ilitamkwa kwa mdomo mbele za watu, mwenye shamba akisikia kibarua wake anamtaja nani. Ulikuwa mpango wa dhuluma, lakini angalau ulikuwa wazi: kila mtu alijua kura yake ina uzito gani.

Najua mtanijibu kwa mifano ya kinyume, basi niitaje mwenyewe. India ilifanya uchaguzi wa watu wazima wote mwaka 1951 na 1952 ikiwa na mamilioni ya watu wasiojua kusoma wala hawana akiba ya mwezi. Afrika Kusini ilipata kura ya wote mwaka 1994 ikiwa miongoni mwa nchi zenye pengo kubwa kuliko zote duniani. Botswana ina pengo kubwa pia, na mwaka 2024 wapiga kura wake walikiondoa kwa kura chama kilichotawala tangu uhuru wa 1966. Kwa hiyo tofauti ya mali peke yake haiui demokrasia wala haiizuii kuzaliwa, na wakati mwingine hasira ya kudhulumiwa ndiyo inayoileta, kama ilivyokuwa kwetu. Swali langu linahusu yanayofuata baada ya kuzaliwa, watu wanaposhiriki katika nchi ambayo, kwa takwimu za Serikali yenyewe za mwaka 2017/18, asilimia 26.4 ya wananchi wa Tanzania Bara, na asilimia 31.3 ya wale wa vijijini, hawakuweza kujipatia mahitaji ya msingi. Umasikini ulikuwa umepungua kidogo kutoka asilimia 28.2 ya mwaka 2011/12, ila pengo kati ya aliye nacho na asiye nacho lilikuwa limepanuka.

Sasa niseme nilichokiona. Mwaka mmoja nilitia nia ya udiwani kupitia chama ambacho sitakitaja. Fomu nililipia bila taabu. Nilipita kwa wajumbe nyumba kwa nyumba, nikaketi kwenye vigoda, nikaeleza habari za kisima kilichokufa pampu na za madarasa mawili yasiyo na sakafu. Walinisikiliza kwa heshima, wengi wao nilikuwa nimewafundishia watoto. Usiku wa kuamkia kura za maoni, ambazo wajumbe wa chama humteua mgombea wao, pikipiki mbili zilizunguka vitongojini, na kila mjumbe akaachiwa kilo moja ya sukari, mche wa sabuni na shilingi 5,000 ndani ya bahasha ya kaki. Nilipata kura 11. Asubuhi yake alikuja mzee mmoja, akasimama nje ya ua, akapiga hodi, akakataa kuingia.

"Mwalimu, sisi tunakupenda," aliniambia, "lakini mkono mtupu haulambwi. Ile elfu tano nimenunulia unga."

Sikumlaumu, na hadi leo simlaumu. Ilikuwa majira ambayo ghala lake lilikuwa limebaki na mabua. Nyumbani kwake walikuwa watu saba. Yeye alikuwa amefanya hesabu ya siku mbili tatu, na aliyetuma pikipiki alikuwa amefanya hesabu ya miaka mitano. Wanaowahubiria watu kama mzee huyu kwamba wasiuze utu wao, mara nyingi wakiwa wameshiba, hawajakaa naye mwezi wa Januari.

Ibara ya 67 ya Katiba inamtaka mgombea ubunge awe raia mwenye umri wa miaka 21 au zaidi, ajue kusoma na kuandika Kiswahili au Kiingereza, na awe mwanachama aliyependekezwa na chama cha siasa. Hakuna neno kuhusu mali. Hata hivyo sharti hilo la mwisho linamaanisha kwamba mlango ni mmoja, na mlangoni ndipo pikipiki zinapopita usiku. Mahakama ya Afrika ya Haki za Binadamu na Watu, iliyoko Arusha, iliamua mwaka 2013 kwamba kumzuia mgombea binafsi ni kuvunja haki za raia. Mlango wa pili haujafunguliwa, na mimi siamini kwamba ukifunguliwa utatosha peke yake, kwa sababu mwenye fedha atapita nao vilevile. Ila ushindani wa milango miwili ungepunguza bei ya huu mmoja.

Bunge hili lina historia na bei hiyo. Mwaka 2000 liliirekebisha sheria ya uchaguzi na kuhalalisha takrima, yaani zawadi za mgombea kwa wapiga kura, eti ni ukarimu wa kawaida wa Kiafrika, kana kwamba Mgogo humkaribisha mgeni kwa bahasha mara moja kila miaka mitano. Mwaka 2006 Mahakama Kuu ikavitamka vifungu vile kuwa ni kinyume cha Katiba, na mwaka 2010 mkatunga Sheria ya Gharama za Uchaguzi, ambayo inagusa hata mchakato wa uteuzi ndani ya vyama, inawataka wagombea na vyama watoe hesabu za gharama zao kwa Msajili wa Vyama vya Siasa, na inaruhusu kuwekwa kwa ukomo wa matumizi. Ni sheria nzuri. Waingereza walitunga ya namna hiyo mwaka 1883, baada ya kuona kwamba kura ya siri waliyoianzisha mwaka 1872 haikuzuia kura kununuliwa, na wakaongeza, mwaka 1911, mshahara wa wabunge ili mfanyakazi wa mgodini naye aweze kuketi bungeni bila familia yake kulala njaa. Mshahara wa mbunge sisi tunao. Kinachopungua ni hesabu za gharama kusomwa na mtu mwingine asiyekuwa aliyeziandika na aliyezipokea. Hapa kijijini kwetu sijapata kuona karatasi hata moja inayoonyesha mgombea wetu alitumia kiasi gani na alikipata kwa nani.

Inafaa kukumbuka pia kwamba nchi hii iliwahi kulijaribu jibu jingine. Katika uchaguzi wa 1965, wagombea wawili wa TANU katika jimbo waliandaliwa mikutano ya pamoja na chama, wakahutubia jukwaa moja, mmoja akiwa na alama ya jembe na mwenzake nyumba, na hawakuruhusiwa kumwaga fedha zao binafsi. Mawaziri waliangushwa na watu wasiojulikana. Sitamani mfumo wa chama kimoja urudi, kwa kuwa uliziba midomo ya wengi, na anayeusifu wote kwa jumla hajazungumza na waliowekwa kizuizini. Lakini kile kipande kidogo cha jukwaa la pamoja kwa gharama ya pamoja hakikuwa na haja ya kutupwa pamoja na mengine. Miiko ya uongozi ya Azimio la Arusha la 1967 nayo, ile ya kutokuwa na mishahara miwili, hisa, ukurugenzi wa kampuni binafsi wala nyumba za kupangisha, ililegezwa kwa Azimio la Zanzibar la mwaka 1991, mwaka mmoja kabla ya vyama vingi kurudi. Tukafungua uwanja wa ushindani na papo hapo tukaondoa uzio uliotenganisha mali na madaraka. Kilichobaki ni tamko la mali chini ya Sheria ya Maadili ya Viongozi wa Umma ya 1995, na mkulima wa kawaida hajui hata aanzie ofisi gani ili aone diwani wake alitamka nini.

Niwaombe sasa mnifuate kwenye mkutano mkuu wa kijiji, kwa sababu huko ndiko demokrasia yetu inakogusa tumbo. Kwa sheria, mkutano huo ni wa kila mkazi mwenye umri wa miaka 18 na zaidi, unatakiwa kufanyika angalau mara moja kila miezi mitatu, ndio unaosomewa mapato na matumizi, na chini ya Sheria ya Ardhi ya Vijiji ya 1999 halmashauri ya kijiji haiwezi kugawa ardhi bila idhini yake. Karatasini ni demokrasia ambayo Waathene wa Ugiriki ya kale wenyewe wangeitamani. Tangu Serikali ihamie Dodoma, bei ya ardhi ya vijiji vya kando ya barabara imepanda, na mikutano hii imekuwa na maana kuliko zamani.

Mkutano ninaoufikiria uliitishwa siku ya Jumatano, mwezi wa palizi, saa nne asubuhi. Ulianza saa saba na robo. Daftari la mahudhurio, la kurasa 96, lilizungushwa kabla ajenda haijasomwa, na tuliojiandikisha tulikuwa 47. Niliwahesabu waliokuwepo: wenye maduka, wastaafu kama mimi, wenye mashine za kusaga, wazee wawili watatu waliokuja kwa ajili ya kivuli. Vibarua hawakuwepo. Walikuwa kwenye mashamba ya wengine, wakipalilia alizeti kwa malipo ya siku, kwa kuwa anayekosa siku hiyo hakosi posho, anakosa chakula. Tukasomewa kwamba sehemu ya eneo la malisho itapewa mtu wa mjini anayetaka kujenga. Mikono ikanyoshwa, muhtasari ukaandikwa kwamba wananchi wameridhia. Mimi sikunyosha mkono, lakini nakiri kwamba sikusimama kusema pia.

Jioni jirani yangu, mjane mwenye mbuzi wanne, alipita akitoka kibaruani, jembe begani.

"Shikamoo Mwalimu. Eti wamesemaje kuhusu kule tunakochungia?"

Nilimweleza. Akanyamaza kidogo, akauliza kama sasa mbuzi wanne wanaweza kufungwa kwenye kamba mwaka mzima. Nikasema sijui. Akaenda zake.

Waheshimiwa, mnapoketi katika kikao mnapata posho ya kikao, na sina ugomvi nayo. Mama huyu akihudhuria kikao chake yeye ndiye anayelipa, kwa ujira wa siku aliyoikosa. Waathene waliligundua tatizo hili kabla ya sisi. Mwanzoni walimlipa aliyekaa barazani kuhukumu kesi, na mwanzoni mwa karne ya nne kabla ya Kristo wakaanza kumlipa hata raia aliyehudhuria mkutano wa wote, kwa sababu walikuwa wameona kwamba bila hivyo mkutano wa wote unakuwa mkutano wa wenye nafasi. Watumwa na wanawake waliwaacha nje, kwa hiyo sina haja ya kuwafanya walimu wetu. Lakini kwa hili la gharama ya kuhudhuria, walikuwa wameona mbali.

Siwaombi mlipe kila mwanakijiji. Naomba mkutano unaoamua ardhi au fedha za kijiji usiitishwe katika siku za kibarua wakati wa palizi na mavuno bali Jumapili alasiri, tangazo la ajenda likiwa limebandikwa kila kitongoji siku saba kabla, na muhtasari wake usiwe na nguvu mpaka vitongoji vyote viwe na watu katika daftari. Kanuni kama hii haihitaji fedha ya mfadhili, inahitaji waraka wa waziri mwenye dhamana ya serikali za mitaa na mtu wa wilayani wa kuukagua. Naomba hesabu za gharama za uchaguzi, za ndani ya chama na za kampeni, zibandikwe kwenye ubao wa kata husika kwa Kiswahili, na mgombea aliyeshindwa aruhusiwe kuzipinga bila kulazimika kukodi wakili. Naomba matamko ya mali ya madiwani na wabunge yawe ya kusomwa na yeyote anayefika ofisini na kitambulisho chake.

Na kuhusu mikopo ya asilimia 10 ya mapato ya ndani ya halmashauri, nne kwa wanawake, nne kwa vijana na mbili kwa watu wenye ulemavu, naomba mwanasiasa yeyote asiwe na kauli katika orodha ya vikundi vinavyopata. Nalitilia mkazo hili kuliko mengine. Kikundi kinachoamini kwamba mkopo wake umetoka mfukoni mwa diwani hakiwezi kumpigia kura ya hapana, na kikikosa mkopo huo kinakimbilia mikopo ya riba kubwa iitwayo kausha damu, ambako mkopeshaji ndiye anayekuwa diwani wao wa kila Jumatatu. Wakulima wa pamba waliolipia kadi zao mwaka 1958 walikuwa na kitu hicho kimoja ambacho jirani yangu hana: fedha ambayo hakuna aliyewapa.

Kikao chenu cha bajeti kinaanza Aprili. Kwetu huo ni mwezi ambao mtama na uwele vinaanza kubeba, kwelea kwelea wanashuka kwa makundi, na kila nyumba inatoa mtu wa kuamia ndege tangu alfajiri hadi magharibi. Nitakuwa juu ya dungu langu na kombeo mkononi, na jirani yangu atakuwa kwenye dungu la mtu mwingine, kwa malipo ya siku. Hatutaweza kuja kuwasikiliza ingawa basi ni la saa moja na nusu tu. Mkiamua kunijibu, naomba jibu libandikwe kwenye ubao wa ofisi ya kijiji, kwa maandishi makubwa, na lisiondolewe kabla ya Jumapili.

Wenu katika kujenga Taifa,

Mwalimu mstaafu na mkulima,
Wilaya ya Chamwino, Dodoma.